Sura ya Malkia na Safari ya Picha: Uhakiki wa Picha Rasmi ya Malkia Charlotte Iliyochorwa na Allan Ramsay

Ikisiri

Makala hii inahakiki picha rasmi ya Malkia Charlotte wa Uingereza iliyochorwa na Allan Ramsay katika miaka ya 1761 na 1762. Kwa muda mrefu picha hiyo imetumiwa kuthibitisha kwamba malkia huyo alikuwa na asili ya Kiafrika, na madai hayo sasa yanaingia katika maandishi ya Kiswahili. Makala inadai kwamba wanaoitumia picha hivyo wanasoma uso na kuacha picha. Afrika imo katika historia ya picha hiyo, lakini haimo katika pua wala midomo ya malkia. Imo katika safari ya nakala zake, katika ukoo wa mke wa mchoraji, na katika ombi ambalo Mwafrika mmoja alimwandikia malkia huyo mwaka 1788. Makala inachunguza pia maneno ya Kiswahili yanayotumika kusimulia kisa hiki, na inapendekeza namna ya kuandika maelezo ya picha za aina hii katika vitabu vya kiada na makumbusho ya ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya kwanza aliwahi kuleta darasani picha ya Malkia Charlotte, akaiweka mezani, akasema: "Mwalimu, Waingereza walitawaliwa na malkia mweusi, nasi hatukufundishwa." Wenzake walipoitazama waligawanyika. Wengine waliona midomo minene na pua pana, wengine hawakuona chochote cha ajabu. Kwa karibu saa nzima walibishana juu ya uso. Hakuna aliyeuliza picha hiyo ilichorwa kwa ajili ya nani, wala ilitundikwa wapi.

Sentensi ya mwanafunzi yule ilikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni neno "kutawaliwa." Charlotte aliolewa na Mfalme George wa Tatu, na hakuwa na mamlaka ya kutawala kwa haki yake mwenyewe. Kiswahili kinatumia neno moja, malkia, kwa mwanamke anayetawala na kwa mke wa mfalme. Lugha jirani zina uangalifu zaidi. Katika Kiganda, Nnabagereka ni mke wa Kabaka, na Namasole ni mama yake. Katika Kinyarwanda, umwamikazi si umugabekazi: wa kwanza ni mke wa mfalme na wa pili ni mama wa mfalme. Msomi wa Kiswahili asipoongeza maelezo, neno malkia humpa Charlotte kiti ambacho hakukikalia.

Tatizo la pili ni neno "mweusi," na hilo ndilo linalobeba mzigo wa makala hii.

2.0 Picha Yenyewe

Charlotte alizaliwa mwaka 1744 katika ukoo wa watawala wa Mecklenburg-Strelitz, himaya ndogo kaskazini mwa Ujerumani. Aliletwa London akiwa na umri wa miaka 17, akafunga ndoa na mfalme tarehe 8 Septemba 1761, na wote wawili wakavikwa taji tarehe 22 mwezi huohuo. Kazi ya kuchora picha zao rasmi alipewa Allan Ramsay, Mskoti aliyekuja kuwa mchoraji mkuu wa mfalme.

Picha ya malkia ni ya rangi ya mafuta, yenye kimo cha karibu mita mbili na nusu, na inamwonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni. Amesimama katika mavazi ya fahari, na joho lake lina manyoya meupe yenye madoa meusi ambayo Ulaya yalikuwa alama ya ufalme. Taji liko kando yake, limewekwa juu ya mto. Mtazamaji hutangulia kuona kitambaa na manyoya, na uso huonekana baadaye. Uso wenyewe ni mdogo ukilinganishwa na joho. Ni uso wa msichana aliye makini, asiyetabasamu wala kununa.

Uwiano huo ni wa makusudi. Picha rasmi haichorwi ili tumfahamu mtu. Huchorwa ili cheo kiwepo mahali ambapo mwenye cheo hayupo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu ameingia katika ofisi nyingi za serikali na kukuta picha ya Rais juu ya kiti cha mkuu wa ofisi. Hakuna anayeitazama picha hiyo ili ajue kama Rais ana kidevu kirefu. Picha ipo ili kila anayeingia ajue anaongea na nani kupitia kwa afisa aliye mbele yake. Ikitolewa, hata mwenye kuja kulipia leseni huuliza kumetokea nini.

Sifa ya Ramsay ni kwamba ndani ya masharti hayo aliweza kuhifadhi kitu cha kibinadamu. Mwanga anaouweka usoni ni laini, na hakumfanya msichana yule aonekane mtu mzima kuliko umri wake. Ukimtazama kwa muda unaona mtu aliyefika nchi ya ugenini majuzi tu na kuvikwa uzito ambao bado haujamzoea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ubora wa kazi hii ulipo: joho linasema ufalme ni wa kudumu, na uso unasema aliyevaa ni mgeni. Mjadala wa pua umetunyima nafasi ya kuyaona yote mawili.

3.0 Madai na Ushahidi Wake

Madai ya asili ya Kiafrika yamekuja kwa njia kuu tatu. Katika miaka ya 1940, mwandishi Joel Augustus Rogers, mzaliwa wa Jamaika aliyeishi Marekani, alimtaja Charlotte miongoni mwa watu mashuhuri wenye damu ya Kiafrika, akitegemea sura yake katika picha. Katika miaka ya 1990, mtafiti Mario de Valdes y Cocom aliunganisha nasaba ya Charlotte na Margarita de Castro e Sousa, mwanamke wa tabaka la juu la Ureno wa karne ya 15, na kupitia kwake na Madragana, aliyekuwa hawara wa Mfalme Afonso wa Tatu wa Ureno katika karne ya 13. Tangu mwaka 2020, tamthilia ya televisheni ya *Bridgerton* imemwonyesha Charlotte akiigizwa na mwanamke mweusi, na mwaka 2023 ikafuatiwa na tamthilia inayomhusu yeye mwenyewe.

Tamthilia ina haki yake ya kubuni na haihitaji kutuomba ruhusa. Rogers naye anastahili kusomwa kwa haki. Aliandika katika nchi ambayo tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumnyima mtu haki zake. Kwa kuitumia kanuni hiyohiyo dhidi ya majumba ya kifalme ya Ulaya, aliiumbua. Hoja yake ilikuwa silaha, na silaha hupimwa kwa vita ilivyopiganwa. Kosa ni la sisi tunaoiokota leo na kuiita ushahidi.

Tuanze na nasaba. Afonso wa Tatu aliuteka mji wa Faro mwaka 1249, na Madragana anahusishwa na mji huo. Kutoka 1249 hadi kuzaliwa kwa Charlotte ni miaka 495. Tukikadiria kizazi kuwa miaka 33, tunapata vizazi 15. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na kuendelea. Ukirudi vizazi 15 nyuma unapata nafasi 32,768 za wahenga. Hata kama baadhi ya watu wanajaza nafasi zaidi ya moja, kama ilivyokuwa kawaida katika koo za kifalme zilizooana zenyewe kwa zenyewe, hakuna msingi wa kudai kwamba mhenga mmoja wa mbali kiasi hicho alichora pua ya mjukuu wake.

Hata hivyo, hoja ya hesabu si nzito kama hoja ya lugha. Madragana anaitwa Mwafrika kwa sababu anahusishwa na watu ambao Wareno waliwaita *mouros*. Je, *mouro* alikuwa mtu mweusi? Sisi wa lugha ya Kiswahili tuna ushahidi wetu wenyewe, na ajabu ni kwamba hatujautumia. Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498 na miaka iliyofuata, waliwaita Waislamu wa Kilwa, Mombasa na Malindi *mouros*. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawaita hivyo wenyeji wa Mombasa, kisha anaeleza kwamba wako weusi, weupe na wa maji ya kunde. Neno lilikuwa linataja dini na uadui wa kisiasa. Halikutaja rangi, ndiyo maana Barbosa alilazimika kuitaja rangi kando.

Ni kweli kwamba kati ya Faro ya 1249 na Mombasa ya Barbosa kuna zaidi ya miaka 250, na maneno hubadilika. Lakini mwenye kudai kwamba neno hilo lilimaanisha weusi katika karne ya 13 ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Wasimulizi wetu wa Kiswahili hawathibitishi, wanaruka. *Mouro* inatafsiriwa kuwa "Mwafrika wa Kaskazini," aya inayofuata inasema "Mwafrika," na kichwa cha habari kinasema "mweusi." Hatua tatu za tafsiri, na kila hatua imeongeza jambo ambalo chanzo hakikulisema.

Kuna ushahidi mwingine unaotajwa mara nyingi, nao ni maneno ya daktari Mjerumani, Stockmar, aliyeueleza uso wa malkia kuwa kama wa chotara. Stockmar alifika Uingereza mwaka 1816, Charlotte akiwa na zaidi ya miaka 70. Tena, katika Ulaya ya wakati huo, kumfananisha mtu na chotara kulikuwa njia ya kumwita mbaya wa sura. Tunapolichukua tusi hilo na kulifanya hati ya nasaba, tunakubali bila kujua fikra iliyolizaa.

4.0 Mwafrika Aliyechorwa Kweli

Wanaotetea madai haya hutaja pia kwamba Ramsay alikuwa na uhusiano na wapinzani wa utumwa, na kwamba huenda alisisitiza kwa makusudi sura ya Kiafrika ya malkia. Uhusiano wenyewe ni wa kweli, na ni wa karibu kuliko wengi wanavyojua. Mke wa Ramsay, Margaret Lindsay, alikuwa dada wa Sir John Lindsay, afisa wa jeshi la majini. Lindsay alizaa na mwanamke mtumwa, Maria Belle, binti aliyeitwa Dido Elizabeth Belle. Binti huyo alizaliwa mwaka 1761, mwaka uleule wa kuvikwa taji kwa Charlotte. Kwa hesabu za ukoo wetu, mke wa Ramsay alikuwa shangazi yake Dido. Mtoto alilelewa katika nyumba ya Kenwood na mjomba wa baba yake, Jaji Mkuu Mansfield, ambaye mwaka 1772 aliamua kwamba mtumwa James Somerset hangeweza kuondolewa Uingereza kwa nguvu.

Karibu mwaka 1779 Dido alichorwa pamoja na binamu yake, Elizabeth Murray. Picha hiyo, ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ya Zoffany, sasa inahesabiwa kuwa ya David Martin. Martin alikuwa mwanafunzi na msaidizi wa Ramsay, na alifanya kazi katika karakana ileile iliyotoa picha za malkia.

Basi tunao mfano wa kulinganisha. Mchoraji aliyefunzwa katika karakana hiyo alipomchora mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, hakuna mtazamaji aliyehitaji kipimo cha pua. Dido ana ngozi ya maji ya kunde, amevaa kilemba chenye unyoya, amebeba matunda, na ameelekeza kidole kwenye shavu lake huku akitabasamu. Mchoraji hakuficha wala hakudokeza. Tunaweza kumlaumu kwa kilemba na matunda, vitu vinavyomgeuza binti wa nyumbani kuwa mgeni kutoka mashariki ya kufikirika, wakati binamu yake ana kitabu mkononi. Lakini lawama hiyo yenyewe inawezekana kwa sababu Uafrika wa Dido umewekwa mbele ya macho. Ni jambo la kusikitisha kwamba kwa kila mwanafunzi anayemjua Dido, wako kumi waliosikia habari za pua ya malkia.

5.0 Safari ya Nakala

Picha ya Ramsay haikuwa moja. Mabalozi walihitaji nakala za mfalme na malkia ili kuzipeleka katika nchi walizotumwa, na magavana walizihitaji kwa ajili ya makoloni. Zaidi ya jozi 100 zilitolewa, na kazi iliendelea kwa miaka mingi. Philip Reinagle, msaidizi mwingine wa Ramsay, alitumia sehemu kubwa ya ujana wake kunakili nyuso hizo mbili. Inasimuliwa kwamba alizichoka hata akapoteza hamu ya kuchora watu, na ni kweli kwamba baadaye alijulikana kwa picha za wanyama.

Jambo hili linaharibu mbinu ya kupima nyuso. Nakala zilipita katika mikono mingi, na hazilingani kwa ubora. Anayetaka kupima pua ya malkia atueleze kwanza ni ya nakala ipi, na ya mkono wa nani.

Lakini jambo hilohilo linatufungulia mlango mwingine. Miaka ya 1760 Uingereza ilikuwa miongoni mwa mataifa makubwa kabisa katika biashara ya kuwasafirisha Waafrika kuvuka Bahari ya Atlantiki. Gavana wa koloni la miwa alitawala kwa niaba ya mfalme, na picha rasmi ilikuwa shahidi wa niaba hiyo. Sheria za watumwa zilitiwa saini na watu wa namna hiyo, mbele ya picha za namna hiyo. Kwa hiyo Waafrika wa karne ya 18 walihusika na picha hii kwa njia ya uhakika kabisa: ufalme ulioonyeshwa ndani yake ulikuwa juu yao.

Mmoja wao alijibu. Mwezi Machi 1788, Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa na akajikomboa kwa fedha zake, alimwandikia Malkia Charlotte ombi, kisha akalichapisha katika kitabu cha maisha yake mwaka 1789. Alimsihi kwa niaba ya Waafrika waliokuwa wakiteswa katika visiwa vya Karibi, awaombee kwa mfalme. Equiano alijua kuchagua hoja. Aliutaja wema wa malkia na huruma yake, na alijiita mtu wa taifa lililoonewa. Undugu wa damu hakuutaja. Alimwendea kama raia anavyomwendea mke wa mtawala, akijua kwamba hana mamlaka bali ana sikio la mwenye mamlaka. Equiano alilielewa vizuri neno malkia.

Miaka minne baadaye, mwaka 1792, wakati maelfu ya Waingereza walikuwa wamesusia sukari ya watumwa, mchoraji wa dhihaka James Gillray alimwonyesha Charlotte mezani akiwahimiza binti zake wanywe chai isiyo na sukari. Katika katuni hiyo malkia ni mzee, mbahili, mwenye tabasamu la kuchekesha. Joho la Ramsay halipo. Lakini kikombe cha chai mkononi mwake kinamfunga na mashamba ya miwa waziwazi kuliko mjadala wowote wa nasaba.

6.0 Kwa Nini Jambo Hili Linatuhusu

Huenda msomaji akauliza kuna madhara gani vijana wakiamini kwamba malkia wa Uingereza alikuwa mweusi. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, imani hiyo inatupa heshima ya kuazima. Inasema kwamba Mwafrika anakuwa na maana katika historia anapopatikana ndani ya jumba la mfalme wa Ulaya, japo kwa mhenga mmoja wa karne ya 13. Equiano, aliyeandika kwa mkono wake mwenyewe, anabaki nje ya mlango.

Pili, na hili ni zito zaidi, imani hiyo inafundisha mbinu. Inamfundisha mwanafunzi kutazama pua, midomo na nywele, kisha kutamka asili ya mtu. Sisi wa Maziwa Makuu tunaijua mbinu hiyo. Watawala wa kikoloni na wasomi wao walipima pua na vimo vya watu wa Rwanda na Burundi, wakatunga nadharia ya watu wa "asili ya Kihamu" waliodaiwa kutoka mbali, na katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kilisomwa, na asiyekuwa nacho akasomwa uso. Sisemi kwamba mjadala wa Charlotte una ukatili huo. Nasema kwamba hatuwezi kuilaani mbinu katika somo la historia ya kwetu na kuishangilia katika somo la historia ya Uingereza kwa sababu tu mara hii jibu linatupendeza.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa waandaaji wa vitabu vya kiada, watafsiri wa filamu, na taasisi za kusanifu lugha, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Moja, neno malkia likitumika kwa mke wa mfalme lifuatwe na maelezo hayo mara ya kwanza linapotajwa. Mbili, *mouro* libaki lilivyo katika maandishi yanayohusu Ureno ya kale, likielezwa kuwa ni jina la Waislamu wa rangi mbalimbali, na lisifasiriwe kuwa "mtu mweusi." Tatu, maelezo ya picha rasmi yataje aliyeiagiza, kazi yake na ilikopelekwa kabla ya kutaja sura ya mtu. Kwa mfano:

*"Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Picha rasmi ya Allan Ramsay, 1761–1762. Nakala zake zilipelekwa kwa mabalozi na kwa magavana wa makoloni. Mwaka 1788 Olaudah Equiano alimwandikia malkia huyu ombi kwa niaba ya Waafrika waliokuwa utumwani."*

Maelezo hayo hayamzuii mwalimu kuujadili uso. Yanampa mwanafunzi kitu cha kushika kabla hajaufikia.

7.0 Hitimisho

Katika mji wa Charlotte, North Carolina, uliopewa jina la malkia huyu, jumba la makumbusho lina picha yake kutoka kwa Ramsay, na watu bado huitazama wakitafuta Afrika usoni. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba utafutaji huo umeanzia mahali pasipo penyewe. Ramsay alichora msichana mgeni ndani ya joho zito, na karakana yake ikalisambaza joho hilo duniani. Waafrika waliishi chini ya kivuli chake, na mmoja wao akachukua kalamu.

Muhula uliofuata nilimpa mwanafunzi yule kazi ya kulitafsiri ombi la Equiano kwa Kiswahili. Alirudi akiwa na swali moja ambalo sijalimaliza kulijibu: amwite malkia kwa jina gani la heshima katika salamu ya mwanzo, ikiwa mwandishi ni mtu anayeomba lakini hajidhalilishi. Hilo ni swali la kitaaluma. Halihitaji kipimo cha pua.